Namba Niliyoifuta kwa Kiganja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nisiseme uongo. Na jambo nisilolielewa hunipandisha mori kuliko jambo baya. Jambo baya unajua pa kuliweka: unalia, unagomba, unaswali, unalala. Lakini hili la bibi wa Chang'ombe mpaka leo sijui niliweke wapi. Nalizungusha kichwani nikiwa jikoni, nikiwa kwenye mkeka naswali, Mungu anisamehe, na kila nikidhani nimelishika linaniponyoka. Basi nitalisimulia kama lilivyokuja, na wewe ukilielewa usinicheke, nieleweshe.

Tuna ofisi ndogo Dodoma mjini, vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari. Bango letu linasema tunafanya utafiti wa jamii na makazi. Watu wakilisoma wanapanda ngazi kutuuliza kama tuna chumba cha kupanga, na ukiwaambia sisi hatupangishi, tunawatafiti tu wanaopanga, wanakutazama kama umewatania. Tupo watatu. Wa kwanza ni Mzee, mwenye ofisi. Alifundisha mambo ya mipango miji miaka mingi, akastaafu, akashindwa kutulia. Mkewe alituambia siku ya kwanza, "Mchukueni jamani, nyumbani ananihesabia vijiko." Wa pili ni binti wa takwimu, mimi namwita mdogo wangu, mwepesi wa hesabu ajabu, na akikasirika hasemi, anabofya tu kwa nguvu. Wa tatu ni mimi, mtu wa Kondoa niliyehamia mjini na kuzeekea mitaani. Mimi ndiye ninayetoka na wadodosaji, nabisha hodi, nakimbizwa na mbwa, nawauliza watu maswali ambayo hata mama mkwe wangu hajathubutu kuniuliza.

Kazi yetu ina amri moja, nayo ni ya Mzee. Kila asubuhi ya kwenda mtaani anasimama katikati ya chumba na kikombe chake cha chai, anauliza, "Kaya ni nini?" Nasi tunajibu kama watoto wa chekechea, "Ni chungu!" Maana yake ni rahisi. Ukitaka kujua hawa watu ni kaya moja au mbili, usiulize wanalala wapi, wala nyumba ni ya nani, wala wana undugu gani. Uliza kama wanakula chungu kimoja. Wakikubali, ni kaya moja. Wakikataa, ni mbili, hata kama wanalala kitanda kimoja.

Amri hiyo Mzee aliitoa kijijini Gulwe, ujanani. Alitumwa kuhesabu kaya kwenye vijiji vya kando ya reli, akakuta tembe moja ndefu, paa moja la udongo, akaandika kaya moja akaenda zake. Kumbe mle ndani walikuwa ndugu watatu na wake zao, kila mke na mafiga yake. Mahindi ya njaa yalipogawiwa, tembe yote ikapewa fungu la kaya moja. "Wamama wawili walirudi na magunia matupu kwa sababu mimi nilihesabu paa," anasema, na akifika hapo lazima avue miwani aifute. Mtu kama huyo utambishia nini? Nilimwamini, na ninamwamini bado, ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Basi tukapata kazi Chang'ombe. Kuna mahali nyumba zimebanana mpaka ukingoni mwa korongo, na mvua zikija maji yanaingia hadi uvunguni mwa vitanda. Mradi mmoja ulitaka kupanua mfereji pale, wale wa ukingoni wahamishwe, na kila kaya ipewe kiwanja nje ya mji. Sisi tuliambiwa tuziorodheshe kaya. Hakuna aliyekuwa na hati, kwa hiyo karatasi yetu ndiyo ilikuwa kila kitu. Ukiwemo, una kiwanja. Usipokuwemo, pole.

Tuliandika namba milangoni kwa chaki ya bluu. Bluu kwa makusudi, maana rangi nyekundu mlangoni kila mtu anajua ni kubomolewa, na mtu akiona nyekundu hakujibu swali, anakujibu kwa mchi. Hata hivyo walitushuku. Mama mmoja alisubiri nimalize kuandika namba kwa mwandiko wangu mzuri, halafu akamwaga maji ya kuoshea vyombo juu yake, kwa heshima kabisa, huku akiniangalia usoni.

Uwanja wa bibi ulikuwa wa mwisho kabla ya korongo. Uwanja mmoja, nyumba mbili. Ya kwanza ya vyumba viwili, ya mama mmoja mwuza maandazi, mtu wa kwetu Kondoa, mjane, watoto wake wameshatawanyika. Ya pili ilikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo na bati nne juu, mlango wa mbao umepakwa rangi ya kijani. Pale alikaa bibi, Mgogo, mwembamba kama ufito, na shingoni amevaa uzi mweusi wenye ufunguo wa ule mlango. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, mbukwa," salamu ya kwao Ugogo, akanivutia kigoda. Nikaandika namba mlango wa jirani, nikaandika namba mlango wa bibi, nikakaa.

Chakula kilikuwa tayari. Ugali wa uwele na mlenda, na sikutaka, nina utaratibu wangu wa kutokula kazini, lakini ukisema hivyo kwenye uwanja wa Wagogo unakuwa umetukana mtu. Nikanawa, tukala watatu sahani moja. Nilipomaliza kujilamba vidole ndipo nikafungua kishikwambi na kuuliza lile swali. "Bibi, nyie wawili mnakula chungu kimoja?"

Uso wake ukafunguka. "Chungu kimoja! Tangu mkono huu ulivyokufa ganzi, huyu ndiye ananisongea. Mimi naleta mlenda, yeye anasonga. Mfungo wake mimi sifungi, lakini mchana sili mpaka yeye afuturu. Nitakulaje peke yangu?" Jirani akacheka, akasema, "Bibi huyu ananisumbua, akisikia adhana tu ameshanawa."

Nikasema vizuri. Nikajaza. Kaya moja, watu wawili, mkuu wa kaya ni jirani, bibi ni mwanakaya, uhusiano hakuna. Kisha nikainuka na kwenda kwenye ule mlango wa kijani, nikaifuta namba kwa kiganja, maana kaya moja haiwezi kuwa na namba mbili. Bibi alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Mko pamoja, bibi, namba moja inatosha." Akasema, "Asante mjukuu wangu." Akanishukuru jamani! Nikatoka pale nimeshiba, kiganja cha bluu, roho nyeupe.

Orodha ilibandikwa ofisi ya mtaa baada ya wiki chache. Siku ya pili yake nikasikia mtu anapanda ngazi zetu polepole, anapumzika, anapanda tena. Ni bibi. Jirani alikuwa na maandazi yake barabarani, kwa hiyo alikuja peke yake, akiuliza njia. Mzee, ambaye naye si kijana, aliinuka akampa shikamoo na kiti chake. Bibi hakukaa. Alitoa ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza ya Mzee, katikati ya makaratasi.

"Nimesomewa orodha," akasema. "Mlango wa mwenzangu upo. Mlango wa ufunguo huu umekwenda wapi?"

Mzee akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akatazama kompyuta.

Nikajitia kueleza. Nilieleza kwamba yupo, ameandikwa, yumo ndani ya kaya ya jirani, na kiwanja kitakachotoka ni chao wote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatuambia kwamba mumewe alipokufa alikaa kwa shemeji yake miaka mingi, akalima, akachunga, akalea watoto wasio wake, na siku shemeji alipooa mke mwingine aliambiwa chumba kinatakiwa. Akaja mjini na kifurushi. Alibeba maji ya watu, akafyatua tofali mwenyewe, akanunua bati moja moja. "Nimeshakaa kwa watu, mwanangu," akasema. "Mwenzangu ni mtu mzuri. Lakini akifa yeye kesho, watoto wake watakuja na kiwanja chao. Mimi nitasema nini? Nataka mlango wangu."

Jamani, nilichoka. Mzee alivua miwani akaifuta, na wala hatukuwa tunazungumza habari za Gulwe.

Alipoondoka ndipo tukaanza kugombana. Nikasema tumwandike kaya yake, basi, kosa liwe letu. Mdogo wangu akasema sistimu haikubali, watu waliokula chungu kimoja haiwezi kuwagawa, na kwamba kuna mabibi na wapangaji wengine chungu nzima wamefichwa namna hiyohiyo, je, tunamrekebisha mmoja kwa sababu amepanda ngazi? Nikamwambia ana roho ya betri. Akabofya kwa nguvu. Mzee akasema jambo ambalo lilinikera kwa sababu lilikuwa sahihi. "Majibu si yetu. Tuna siku za masahihisho. Nendeni mkaulize upya kila uwanja wenye milango zaidi ya mmoja. Mwenyewe akisema kwa mdomo wake kwamba anapika kwake, andika kaya. Asiposema, hatuna ruhusa ya kumsemea."

Nikaona ni rahisi. Nikaenda Chang'ombe mbiombio, nikamkuta bibi anachambua mlenda mkavu, nikamweka sawa. Bibi, nitakuuliza tena lile swali, na safari hii useme hapana. Sema unakula kwako. Neno moja tu, nakuandika, mlango unarudi.

Akaacha kuchambua. "Niseme sili kwake?"

"Ndiyo bibi."

"Na jana nimekula kwake. Na leo harufu hiyo unaisikia, nitakula kwake."

"Ni kwa ajili ya karatasi tu, bibi."

"Karatasi ndiyo itakayobaki mimi nikifa," akasema. "Waje waisome, waseme yule bibi alilishwa miaka yote halafu akakana. Fadhila za punda ni mateke, lakini mimi si punda, mwanangu."

Nikambembeleza. Nikamtisha. Mwisho nikapandisha sauti, mimi huyu, kwa mtu wa umri wa mama yake mama yangu. Nikamwambia anataka mlango na anataka chungu, na sisi hatuna sehemu ya kuandika vyote viwili, kwa hiyo achague! Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini nichague?" akauliza. "Ninavyo vyote." Na kweli alikuwa navyo vyote, niliviona kwa macho yangu, mlango ule pale na chungu kile pale.

Jirani alinisindikiza hadi njiani, mikono ina unga. Nikammwagia hasira zangu zote. Nikasema, "Dada, bibi yako akiendelea kukaa chunguni kwako, kiwanja hapati, na mimi sina la kufanya." Akajipangusa unga kwenye kanga. "Mpaka lini mnasahihisha?" akauliza. Nikamwambia Ijumaa. "Nimekuelewa," akasema. Mimi sikuelewa alichoelewa, nikaondoka nikizungumza peke yangu barabarani.

Alhamisi nilirudi pale kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Niliingia uwanjani nikajua kuna kitu. Kimya. Mbele ya mlango wa kijani, mawe matatu yamepangwa, mafiga mapya, na kando yake sufuria ndogo na kifungu cha kuni zilizokatwa fupifupi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasonga ugali kwa mkono mmoja wa kushoto, sufuria inacheza, moshi wote unamwingia machoni. Jirani alikuwa kwake, amefunga mlango.

"Bibi, kulikoni?"

"Napika kwangu sasa," akasema. Machozi yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta. "Juzi jioni aliniambia, bibi, kuanzia kesho upike kwako. Basi. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema hujakosa, upike kwako. Akafunga mlango."

Nilijua papo hapo ni nini. Nikamwacha, nikaenda kugonga kwa jirani. Alifungua kidogo tu. Macho yake mekundu kuliko ya bibi.

"Usimwambie," akaninong'oneza. "Wallahi usimwambie. Ukimwambia, kesho asubuhi atakuja na sahani yake, na wewe ukimuuliza atakujibu ukweli. Huyu hajui kudanganya. Muulize sasa hivi, uandike, uondoke."

"Na wewe?"

"Mimi nitajua la kufanya orodha ikitoka." Akaniangalia. "Anakula? Mkono ule hauwezi kusonga. Anakula kweli?"

Nikarudi kwa bibi. Mungu ananiona, nilifungua kishikwambi mbele ya mtu anayelia, nikauliza kwa sauti ya kazi, "Bibi, wewe na jirani yako mnakula chungu kimoja?"

"Hapana," akasema.

Nikaandika. Kaya ya mtu mmoja. Mkuu wa kaya, bibi. Nikachukua chaki nikaiandika upya namba kwenye mlango wa kijani. Namba ikawa mbaya, ya mtoto wa darasa la kwanza. Bibi hakuitazama. Nilitoka pale nikiwa nimefanya nilichotaka kufanya, na sijawahi kujisikia vibaya kama siku ile tangu nianze kazi.

Orodha mpya ikatoka, bibi yumo. Nilisema nitakwenda kumweleza ukweli siku hiyohiyo, lakini ikaja hii, ikaja ile, mradi ukasema kuna uhakiki mwingine, nikaogopa kuharibu. Viwanja viligawiwa kwa kuchota karatasi kutoka kwenye ndoo, kila mkuu wa kaya kwa mkono wake, pasiwe na upendeleo. Haki tupu. Jirani alichota kiwanja cha bondeni, karibu na barabara. Bibi akachota cha juu kabisa, chini ya mlima wa mawe. Kutoka kimoja hadi kingine, kwa miguu ya bibi, ni mwendo wa kupumzika mara mbili.

Hapo ndipo kichwa changu kilipogoma. Kwa sababu wangebaki kaya moja, wangepata kiwanja kimoja na wangejenga uwanja mmoja kama zamani. Na kwa sababu walikuwa kaya mbili, walipata viwili, na ndoo ikawatenganisha. Kosa letu lilikuwa lipi? Lile la kwanza, au lile la kusahihisha? Nilimuuliza Mzee. Alikaa na kikombe chake mpaka chai ikapoa. "Nilihesabu paa, nikawakosea wa Gulwe," akasema. "Nimehesabu chungu, nimemkosea huyu. Sasa nihesabu nini?" Nilidhani anauliza kwa kufundisha, kama kawaida yake, nikasubiri ajibu mwenyewe. Akaenda kuimwaga ile chai. Na tangu siku ile hajatuuliza tena asubuhi kaya ni nini, na mimi, ambaye lile swali lilikuwa linaniudhi, nalikumbuka.

Nilipanda kule juu baada ya wao kuhamia. Mradi ulitaka turudi kuwatembelea waliohamishwa, tuone wanaendeleaje, kwa dodoso lilelile. Nilijiambia kwanza nitubu, halafu niulize. Bibi alikuwa na chumba kipya cha tofali, ule mlango wa kijani ameung'oa na kuja nao, chaki yangu mbaya bado inaonekana. Alinikaribisha kigoda kilekile. Nikapiga magoti kabisa, nikamweleza yote: kwamba jirani hakumchoka, kwamba ni mimi niliyempelekea maneno, kwamba alimfungia mlango ili aandikwe.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umepanda mlima kuniambia hilo? Nilijua asubuhi ile ile nilipoyaona mawe. Uliyaangalia? Yamelingana, hayachezi, na kuni amezikata fupi kwa ajili ya mkono huu. Mtu aliyekuchoka hakuchagulii mawe."

"Sasa bibi, mbona ulilia?"

"Nililia kweli. Chakula cha peke yako hakishuki, hata ukijua sababu." Akapangusa macho, sijui ni kicheko au nini. "Na wewe uliniuliza kama tunakula pamoja. Siku ile tulikuwa hatuli. Sikukudanganya."

Kumbe katika uwanja ule mjinga nilikuwa mimi peke yangu. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake alichokuwa anakijua mwenzake, na mimi katikati na kishikwambi changu najiona ndiye mwenye siri. Nilicheka na mimi, nini tena.

Tukiwa hapo, jirani akatokea anapanda, jasho linamtoka, amebeba hotipoti kwenye beseni kichwani. Kumbe kila siku mchana akimaliza maandazi hupanda. Akishindwa yeye, bibi hushuka, huanza asubuhi ili afike kwa wakati. Akanisalimu, akaniona machozi, akaelewa. "Umeshamwambia?" Bibi akamjibu yeye, "Ameniambia. Mwache, hakujua." Wakanicheka wote wawili.

Nikasema basi, nimalize kazi nishuke. Nikafungua kishikwambi. Jina, umri, paa la nini, choo cha nini, maji wapi. Bibi alijibu upesi upesi. Nikafika kwenye lile swali. Nilikuwa nimelisoma mara elfu, linatoka lenyewe.

"Bibi, wewe na huyu mwenzako, mnakula chungu kimoja?"

Hotipoti ilikuwa katikati yetu, imefunguliwa, mvuke unatoka. Nikamsubiri aseme lile neno lake kwa uso ule wa mara ya kwanza. Hakulisema. Alishika ufunguo shingoni, akamtazama jirani, akatazama kile kidole changu juu ya kioo. Kisha akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, mtu ambaye hakujua kudanganya:

"Nijibu nini, mwanangu, ili usinifute?"

Nikazima kishikwambi. Jirani akanimiminia maji mikononi, nikanawa, tukala watatu sahani moja. Mdogo wangu alipiga simu kesho yake kuuliza kwa nini swali lile nimeliacha wazi, sistimu inamkatalia kuendelea. Nikamwambia aliache. Hakunibishia, na sikumsikia akibofya.